Wanafunzi Wanapoandamana

Mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu alikuja likizo hapa Lukozi, akanikuta jikoni naota moto, maana baridi ya huku mwezi Julai haina mzaha. Akanisimulia jinsi wenzake walivyogoma kuingia darasani kwa sababu fedha za mkopo zilichelewa. Kisha akauliza: "Babu, wewe ulikuwa mkuu wa shule miaka yote ile. Ungekuwa mkuu wa chuo chetu, ungefanyaje?" Nikamjibu haraka kwamba ningetoka nje nikawasikilize. Aliridhika, akaenda kulala. Mimi sikupata usingizi, kwa kuwa nilijua nilipopewa nafasi hiyo sikufanya hivyo.

Nitasema kwanza ya wakubwa, kisha yangu.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Walipinga mpango wa kuwaingiza wasomi katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, ambapo sehemu kubwa ya muda huo wangefanya kazi kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, na habari hiyo tuliisikia kwenye redio ya jirani. Wazee hapa kijijini waliwacheka sana wale wasomi. Mtu anayebeba kabichi kichwani kushuka mlima hawezi kumhurumia anayelilia mshahara ambao hajaanza hata kuupokea.

Mwalimu Nyerere aliwapokea, akasikiliza risala yao, akawajibu palepale. Alikasirika. Lakini hakukwepa hoja yao: walipotaja mishahara minono ya viongozi, alikubali kwamba ni mikubwa, akatangaza kuupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi. Siku ileile ya maandamano, hata hivyo, aliwafukuza wanafunzi 393 warudi makwao. Wengi waliruhusiwa kurudi masomoni baadaye.

Kwa miaka mingi nilipofundisha habari hii nilisifu kufukuzwa kwao. Siku hizi naona Mwalimu alifanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na waliomfuata wakaiga moja tu, lile jepesi. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, alifukuzwa chuoni hapohapo baada ya kuuandikia uongozi barua ya wazi. Mwaka 1978 walioandamana kupinga nyongeza ya maslahi ya wabunge na mawaziri walifukuzwa kwa mamia. Mwaka 1990 chuo chote kilifungwa kwa miezi kadhaa. Mwishoni mwa mwaka huohuo, kule Makerere, polisi waliwapiga risasi wanafunzi wawili wakafa. Wala tusidhani haya ni ya Afrika peke yake. Aprili 2024 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kiliwaitia polisi wanafunzi waliopiga mahema kwa ajili ya Gaza. Wakakamatwa zaidi ya 100, na mara mahema mengine yakasimamishwa kando ya yale.

Sasa yangu. Ilikuwa miaka ya 1980, wakati wa ugali wa yanga na foleni za sabuni. Shule niliyoiongoza sitaitaja. Asubuhi moja wanafunzi walikuja na sahani zao, wakazipanga chini mbele ya mlango wa ofisi yangu. Ndani mlikuwa na maharage yaliyobunguliwa. Hawakuvunja kitu wala hawakumtukana mtu. Nilifunga mlango kwa ufunguo, nikatuma mtu polisi. Baadaye nilipendekeza vijana sita wafukuzwe, na bodi ikakubali. Nilipokagua vitabu vya stoo muhula uliofuata, nikakuta maharage mazuri yalikuwa yakinunuliwa kila mwezi, ila hayakuwa yakifika jikoni. Mhusika alihamishwa. Wale sita sikuwaita warudi. Nilijiambia muda umepita, na kwamba nikiwarudisha nidhamu itavunjika. Ukweli ni kwamba niliona aibu.

Kuna atakayesema: je, wakidai jambo la kijinga? Swali hilo nimelifikiria sana, na jibu langu nimelipata huku kwetu. Baada ya vita vya pili Waingereza waliwalazimisha wazazi wetu wa Mlalo na vijiji vya jirani kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Kuhusu udongo hawakuwa wajinga. Mvua inaubeba kweli. Lakini waliamrisha, wakatoza faini, na kazi ile nzito ikawaangukia akina mama. Watu waliwaeleza kwamba mavuno yanapungua, wasisikilizwe. Wakakataa, hadi mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee wa Kisambaa walimpima zumbe kwa jambo moja: anaiponya nchi au anaiharibu. Hawakuuliza kama ana elimu.

Kwa hiyo hata chuo kikiwa na haki, kinapaswa kutoka nje kwanza. Anayerusha mawe, au anayempiga mwenzake kwa kuingia darasani, ashitakiwe yeye kwa jina lake, apewe nafasi ya kujitetea. Kuwafukuza mia kwa kosa la watano ni uvivu wa kutafuta watano. Wala simaanishi kila dai likubaliwe; Mwalimu hakuufuta mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mkuu anaweza kusema "hapana" mara kumi, mradi aiseme akiwa amesimama mbele yao na hesabu mkononi.

Mmoja wa wale sita, aliyekuwa hodari wa hesabu, ananunua mboga hapa sokoni na kuzipakia kwenye malori ya Dar es Salaam. Ana wajukuu sasa. Kila tunapokutana huniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," na hunifungia karoti asizotaka nizilipie. Asubuhi ile baada ya swali la mjukuu wangu nilishuka sokoni nikiwa nimepanga la kumwambia. Nilimkuta anahesabu magunia. Nikamuuliza bei ya kabichi.