KUTU CHINI YA RANGI



Mpendwa msomaji, karatasi hii haikuingia mkononi mwako kwa bahati. Mungu ana neno na wewe. Isome mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Kule Marekani, katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, majira ya baridi theluji huanguka hata barabara isionekane. Mwezi wa Desemba 2022 ilipiga tufani kwa siku kadhaa. Kwenye uwanja wa ndege wa mji huo ilipimwa theluji ya zaidi ya sentimita 120. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha katika kaunti ya Erie, ulipo mji huo. Wengine walikutwa ndani ya magari yao. Wengine waliita gari la wagonjwa, nalo lisiweze kupita. Hospitali ipo, madaktari wapo, lakini NJIA IMEFUNGWA!

Barabara kubwa husafishwa na malori ya serikali. Lakini nani atafungua uwanja wa kanisa, au njia ya kutokea nyumbani kwa bibi mjane? Hapo ndipo kazi ya pikapu. Mbele yake hufungwa bapa la chuma kama la greda, uzito wake kilo 300 na zaidi, nayo inasukuma theluji pembeni. Na kwa kuwa pikapu mpya ni ghali, wengi huchukua kuukuu iliyoachwa nyuma ya gereji, imeliwa na kutu, wakaanza kuifufua.

Kutu hiyo ilitoka wapi? Barabara za kule humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Yale maji ya chumvi yanarukia chini ya gari na kujificha ndani ya fremu, mahali ambapo macho hayafiki. Chuma kikikutana na maji na hewa kinashika kutu, na chumvi inaizidishia mbio. Ndugu zetu wa pwani wanaijua habari hii, wanaona upepo wa bahari unavyokula mabati.

MAFUNDI WAWILI

Fundi wa kwanza anataka sifa za haraka. Anapiga msasa juu juu, anaziba matundu kwa puti, anapuliza rangi nyekundu. Eh, gari linang'aa bwana! Lakini siku ya theluji ikifika, anafunga lile bapa zito na fremu inapinda. Anakanyaga breki, paipu iliyolika inapasuka, kanyagio linazama mpaka sakafuni. Gari zuri, lakini linaua.

Fundi wa pili analala chini ya gari na nyundo yake. Anagonga fremu hatua kwa hatua. Chuma kizima kinalia. Kilichooza hakilii, nyundo inazama na vipande vinamdondokea usoni. Hapo haweki puti. Anakata mpaka akute chuma kizima, kisha anachomelea chuma kipya. Paipu za breki anang'oa zote na kuweka mpya. Na akikuta fremu nzima imekwisha, ananyanyua bodi na kuiweka juu ya fremu nyingine. Rangi inakuja MWISHO.

Je, ndugu yangu, wewe umetengenezwa na fundi yupi?

NILIKUWA NIMEPAKWA RANGI

Mimi ninayekuandikia nilikuwa mtunza hazina wa kwaya. Tulichanga fedha za kununua vyombo vya muziki, nami nikazila kidogo kidogo. Kila Jumapili nilisimama mstari wa mbele, suti imenyooka, mikono juu. Watu wakasema, ndugu huyu ana upako! Kumbe ndani fremu imeoza. Nilikuwa kama ule ukuta mbovu uliopakwa chokaa, ambao Mungu alisema kwa kinywa cha Ezekieli kwamba mvua itauangusha (Ezekieli 13:10-15).

Usiku mmoja kwenye mkesha Roho Mtakatifu alinigonga. Nikajua sauti yangu hailii. Asubuhi nilikwenda kwa wazee wa kanisa nikasema yote. Niliondolewa kwenye kwaya, mke wangu alilia, majirani walicheka. Nililipa deni lile kwa miezi kumi na minne. Iliuma, ndugu! Lakini kisu cha Bwana kinakata kilichooza tu. Zakayo naye alipookoka alirudisha alivyodhulumu (Luka 19:8). Usiseme umetubu wakati mali ya mtu bado iko chumbani kwako.

UMEOKOLEWA ILI UFANYE NINI?

Pikapu ile haifufuliwi ili ipigwe picha. Inaamshwa saa tisa usiku, kwenye baridi kali, ili mgonjwa apite. Vivyo hivyo Mungu anaagiza vikwazo viondolewe katika njia ya watu wake (Isaya 57:14). Je, jirani yako anapita kwako kumwendea Yesu, au wewe ndiwe theluji iliyomzibia mlango?

Na sikia jambo hili: ile kazi ya kufungua njia inairudisha pikapu kwenye chumvi ile ile. Kwa hiyo fundi mwenye akili huiosha kwa chini baada ya kazi, wala hasubiri mwisho wa majira. Nawe uliyeokoka zamani, usijivunie chuma kipya cha mwaka ule. Ungama leo, uoshwe leo (1 Yohana 1:7-9).

Mpendwa, Yesu hatafuti magari mapya. Anakuja nyuma ya gereji, mahali ulipotupwa, watu walipokukatia tamaa. Ukimpa moyo uliooza, anakupa mpya (Ezekieli 36:26). Usingoje kesho!

SALI SALA HII KWA IMANI

Bwana Yesu, nimechoka kupaka rangi juu ya dhambi. Ingia mpaka chini, gonga, kata kilichooza. Nioshe kwa damu yako, unipe moyo mpya. Nipe ujasiri wa kurudisha nilichochukua. Nifanye mfungua njia kwa wengine. Amina.

Kama umesali kwa kumaanisha, UMEOKOKA! Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, mweleze mchungaji, soma Neno kila siku. Leo hii hii nenda kwa yule uliyemkosea.

Usiitupe karatasi hii. Mpe na mwenzako. Mungu akubariki!