Siri Iliyomo Daftarini Mwangu

Mwaka jana nilikwenda soko la Owino, Kampala, kumhoji muuzaji wa dawa za miti shamba kwa ajili ya utafiti wangu wa chuo. Mama yule alinionyesha majani ya mululuza, ambayo kila mtu anayajua. Tulipozoeana, akanieleza anayachanganya na mizizi gani, na kwa kipimo gani. Niliandika yote. Hatukuwa na makubaliano yoyote.

Je, maarifa yale sasa ni ya nani?

Nguo ya mtumba ikiibwa Owino, huenda ikapatikana ikarudishwa. Siri ikishatangazwa hairudi. Sheria ya Uganda ya kulinda siri za biashara, ya mwaka 2009, hulinda maarifa yenye thamani maadamu yanabaki siri. Nikiyachapa katika tasnifu, ulinzi huo umekwisha.

Wapo watakaosema kwamba dawa inayofichwa itazikwa pamoja na mwenyewe. Ni kweli. Lakini kati ya kuficha na kutangaza ipo njia ya tatu: ruhusa yenye masharti. Mwenye siri hueleza itumike wapi, kwa muda gani, alipwe nini, na jina lake litajwe au lisitajwe. Masharti hayo yalipaswa kutangulia mahojiano.

Mimi nilichelewa. Ukurasa ule nimeutoa katika tasnifu, ingawa msimamizi wangu anaona kazi imepungua uzito. Nitarudi Owino na daftari langu, nimwombe mama ruhusa niliyopaswa kuiomba kwanza. Akikataa, nitamwachia ukurasa wake.