Ukingo wa Dari

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8

Siku tulipoliweka wakfu trekta la usharika, nililiombea kuanzia pua hadi jembe, na dereva wake nikamwombea. Sikuinua macho nione kwamba ile fremu ya chuma iliyo nyuma ya kiti ilikuwa imelazwa. Ililazwa tulipolipitisha chini ya miembe, ikasahauliwa. Msimu mzima kijana wetu alilima kwenye miteremko akiwa na maombi yangu, bila kinga.

Torati inamwagiza anayejenga nyumba aizungushie dari yake ukingo, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Anayeagizwa ni mwenye nyumba, si mgeni. Dari za kule zilikuwa bapa. Watu walianika vitu juu yake, wakapumzika hapo. Hatari ilijulikana kabla ya mtu kuanguka, na Mungu hakungoja msiba ndipo aulize.

Hatari ya trekta nayo inajulikana. Likivuta kisiki kwa mnyororo uliofungwa juu mno, linainua pua na kupinduka kinyumenyume kabla sekunde 2 hazijatimia. Hakuna dereva anayewahi kuruka. Fremu iliyosimama humwachia nafasi ya kuishi, na mkanda humbakiza ndani ya nafasi hiyo. Uswidi walilazimisha kinga hii kwenye matrekta mapya tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana.

Basi ndugu zangu, ikagueni. Pitisheni kidole kwenye maungio, palipo na kutu na palipopakwa rangi juu ya kutu. Tazameni nyufa. Kazeni bolti. Na fremu iliyopinda katika ajali msiinyooshe wala msiichomelee: kupinda kule ndiko kulikomwokoa mtu, na nguvu yake imeshatumika. Inunuliwe nyingine. Najua bei inauma. Nawasihi ninyi wenye matrekta kwa sababu anayekaa kwenye kile kiti mara nyingi ni kibarua, naye anaogopa kudai asije akakosa kazi.

Kijana wetu nilimwomba radhi mbele ya mama yake.

Jumamosi hii, kabla mvua hazijaanza, leteni matrekta yenu hapa uwanjani. Fundi atakuwepo na spana zake. Nami nitaomba akishamaliza yeye.