Tunachangia jeneza, tunaikimbia kadi ya matibabu



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, leo ninaandika juu ya bima ya afya, ile ambayo mtu anajiunga kwa hiari yake. Na ninaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana siyo insafu kuwanyooshea wengine kidole wakati mimi nilikuwa wa mwanzo.

Mwaka 2019, hapa Nyakato, Nyakato hii ya Musoma na siyo ile ya Mwanza, walipita mtaani waandikishaji wa Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao wengi wanaujua kwa jina la CHF. Baada ya swala ya Isha ndugu mmoja, mvuvi wa dagaa, alinisubiri barazani pa msikiti. Akaniuliza: “Ustadh, hii kadi ya matibabu unaionaje? Niikate?” Mimi bila ya kufikiri, bila ya kuuliza mfuko huo ni wa nani na unaendeshwaje, nikamjibu: “Bima ni haramu, achana nayo.” Akashukuru, akaenda zake.

Haukupita mwaka, mkewe akashikwa na maumivu ya tumbo. Kwa kuwa ulikuwa wakati wa mbalamwezi, na wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza, nyumbani hapakuwa na kitu. Akamnunulia vidonge vya maumivu dukani. Siku ya tatu ndipo alipompeleka hospitali, kidole tumbo kimeshapasuka. Alhamdulillah, yule mama alipona. Lakini mashine ya mtumbwi iliuzwa, na kijana wao mkubwa akaacha shule akaenda kuanika dagaa kwa kibarua. Ijumaa ile tulipitisha mchango msikitini, na mimi ndiye niliyesimama kuhimiza.

Ndugu msomaji, kilichonichoma siyo hicho tu. Mimi ni mwalimu. Tangu mwaka 2001, ulipoanza Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mtumishi wa Serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake huchangia asilimia 3 nyingine. Kwa hiyo usiku ule ninamwambia mvuvi kuwa bima ni haramu, kadi ya bima ilikuwa mfukoni mwangu, na watoto wangu walikuwa wakitibiwa kwayo! Nilijidanganya kwamba yangu ni ya lazima na yake ni ya hiari. Udhuru gani huo? Nilimkataza mwenzangu mlango ambao mimi mwenyewe nilikuwa nikiupita kila mwezi.

Turudi kwenye hukumu yenyewe. Ni kweli wanachuoni wengi wameikataza bima ya kibiashara, na hoja zao ni nzito. Ndani yake mna gharar, yaani kuuziana kitu kisichojulikana. Mna sura ya kamari. Na mara nyingi mna riba. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwezi Desemba 1985 lilipitisha uamuzi huo. Lakini wengi wetu tunaishia nusu ya uamuzi. Baraza hilo hilo lilisema kwamba badala yake ipo bima ya kushirikiana, ambayo watu wanatoa kwa nia ya kusaidiana na siyo kwa nia ya mtu kutajirika kwa msiba wa mwingine.

Basi mwenye kuulizwa anapaswa kwanza naye aulize. Mfuko huu ni mali ya nani? Ziada ikibaki anaichukua nani? Fedha zinawekwa wapi? Mfuko wa Afya ya Jamii haukuwa kampuni ya mtu. Ulianza kwa majaribio Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001. Wananchi wakitoa, Serikali nayo iliahidi kuongeza kiasi kile kile, utaratibu uliopewa jina la “tele kwa tele”. Mwenye shaka juu ya riba katika kuwekeza fedha za mfuko wowote ana haki ya kuuliza na kudai maelezo. Lakini shaka hiyo apelekewe sheikh mwenye elimu ya mambo hayo, isimalizwe barazani kwa neno moja kama nilivyofanya mimi.

Allah (SW) katika Surat al-Maida ametuamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari. Chakula kikiwapungukia safarini au nyumbani kwao Madina, kila mmoja huleta alichonacho, wakakikusanya katika nguo moja, kisha wakagawana sawa kwa kipimo kimoja. Mtume (SAW) akasema kwamba watu hao ni wa kwake na yeye ni wa kwao. Tazama, hawakungoja mmoja wao afe njaa ndipo wapitishe bakuli!

Sisi tunafanyaje? Mtu akifa, jeneza linachangiwa kwa saa moja. Harusi ina kamati, kadi za mchango na mweka hazina. Mtu akilazwa, ndipo tunakumbuka kutafutana kwa simu. Baada ya tukio lile nikaanza kuwauliza wagonjwa ninaowazuru wodini: kwa nini hukujiunga na bima? Majibu niliyopata yanaingia katika mafungu matatu.

La kwanza: “Nilikuwa mzima, nikasema nikiumwa nitakata.” Wengine wanaliita jibu hili tawakkul. Lakini bedui alipomuuliza Mtume (SAW) kuhusu ngamia wake, aliambiwa amfunge kisha amtegemee Allah. Zaidi ya hayo, mfuko ambao watu wanaingia wakiwa wagonjwa tu haudumu. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa ulisitisha kumsajili mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, na sababu iliyotolewa ni kuwa matibabu yaligharimu mbali zaidi ya michango, kwa kuwa wazazi wengi walikuwa wakiwaleta watoto waliokwisha kuugua. Mzima anapochangia humbeba mgonjwa wa leo, na kesho yeye hubebwa. Anayengoja mpaka alale kitandani anataka abebwe tu.

La pili: “Sina fedha ya mkupuo.” Hili lina ukweli, na tusilidharau. Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu hadi sita iliwekewa shilingi 30,000 kwa mwaka, kwa matibabu kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kufuata rufaa. Ukizigawa ni kama shilingi 82 kwa siku kwa nyumba nzima, hazifiki shilingi 14 kwa kichwa. Lakini mvuvi, mama wa mboga na kijana wa bodaboda hawapati mshahara mwisho wa mwezi. Leo ipo, kesho haipo, na anayedaiwa kodi ya chumba hatoi 30,000 kwa ajili ya ugonjwa ambao hajauona. Huyu siyo bahili. Amekosa mahali pa kuweka kidogo kidogo.

La tatu: “Niliwahi kuwa na kadi, nikaandikiwa dawa nikanunue nje.” Hapa sina jibu la kumpa mgonjwa, bali nina neno kwa wenye dhamana. Fedha ya mfuko ni amana. Mtu aliyechangia akiwa mzima, akafika dirishani na kadi yake, akaambiwa dawa hakuna, huyo amedhulumiwa, na hatawahimiza jirani zake wajiunge. Mganga mkuu, mfamasia, mjumbe wa kamati ya zahanati, diwani, kila mmoja ataulizwa siku ya Kiyama juu ya alichokabidhiwa. Na sisi wanachama tuhudhurie mikutano tuulize, tusiishie kulalamika vijiweni.

Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi awe na bima. Kwa hiyo katika sheria mlango wa hiari umeanza kufungwa. Lakini nani atamkata mshahara mvuvi asiye na mshahara? Sheria inaweza kuandika neno “lazima”. Kumfikia muuza dagaa wa Mwigobero ni kazi ya watu anaoswali nao.

Kwa hiyo nausia mambo matatu kwa misikiti yetu ya mijini. Kwanza, kila msikiti uwe na daftari la matibabu kama ulivyo na daftari la mazishi. Watu waweke mia mbili, mia tano, kila Ijumaa. Mvuvi aweke wakati wa giza, apumzike wakati wa mbalamwezi. Mwaka ukifika, fedha zake zilipe bima ya nyumba yake. Pili, mafakiri na masikini wamo miongoni mwa wenye haki ya Zaka. Masheikh waulizwe utaratibu wa kuwalipia kutoka humo na katika sadaka. Kwa kiwango kile cha 2018, shilingi 600,000 zilitosha kaya 20. Ni harusi gani mjini siku hizi yenye bajeti ndogo kiasi hicho? Tatu, mwenye kuulizwa asijibu asilolijua. Kusema “sijui” hakujamuulia mtu mke; jibu langu la haraka lilikaribia.

Nilimwendea yule ndugu yangu kumtaka radhi. Nilimkuta ufukweni akisaidia katika mtumbwi wa mtu mwingine. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya kadi yangu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Ustadh, mimi nimekusamehe. Lakini Ijumaa ijayo panda hapo mbele uwaambie na wengine, maana siyo mimi peke yangu niliyekusikia.”

Nilipanda, nikasema. Na leo nimeandika, kwa wale waliopata kauli kama ile katika msikiti mwingine, kutoka kwa mtu mwingine mwenye kadi mfukoni.

Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu, atusamehe makosa ya ndimi zetu, na atujaalie tuwe wenye kusaidiana kabla ya msiba. Amin.

Wabillahi tawfiiq.