Dhana Njema na Haki ya Kusahihishwa

Jumuiya isiyo na mamlaka kuu hukabiliwa na swali ambalo jumuiya yenye mkuu mmoja huweza kulikwepa: ujumbe unapopokewa usieleweke, au unapoeleweka kinyume cha nia ya aliyeutuma, ni nani mwenye wajibu wa kurekebisha, na kwa kigezo kipi? Swali hili ni la kale katika dini na falsafa, lakini limepata sura mpya katika mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, yaani ile isiyomilikiwa na kampuni moja, ambayo huundwa na seva nyingi, kila seva ikiwa ni kompyuta ya kuhifadhi na kusambaza ujumbe yenye mwendeshaji wake na kanuni zake.

Seva hizo huelewana kwa itifaki, yaani mapatano ya maandishi kuhusu umbo la ujumbe na namna ya kuukabidhi. Itifaki ya ActivityPub, iliyoidhinishwa na shirika la viwango vya wavuti la W3C mwezi Januari 2018, ndiyo inayounganisha seva za Mastodon na za programu nyingine nyingi. Ujumbe ukifika, programu huuchanganua, yaani huugawa katika sehemu zake ili ijulikane nani amesema, amesema nini, na amemwambia nani. Na hitilafu nyingi huanzia hapo. Mapatano yanaruhusu walengwa waandikwe kama anwani moja au kama orodha ya anwani, na programu iliyozoea orodha huweza kukwama ikiletewa anwani moja, ingawa mtumaji hakuvunja kanuni yoyote. Vivyo hivyo, hadhira ya watu wote ina anwani ndefu rasmi pamoja na vifupisho viwili vinavyokubalika, nayo programu isiyovitambua vifupisho hivyo haitajua kwamba ujumbe ulikuwa wa hadharani. Anayefuatilia hitilafu ya namna hii hugundua kwamba pande zote mbili zinaweza kujitetea kwa maandiko yaleyale na bado zisielewane. Tatizo huongezeka pale seva inapojibu kwamba imeupokea ujumbe kabla ya kuuchanganua, kwa kuwa mtumaji hubaki na stakabadhi mkononi huku ujumbe wake umetupwa bila taarifa.

Jibu la kwanza la wahandisi lilikuwa la ukarimu. Mwaka 1980 Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, aliweka kanuni kwamba mwenye kutuma ayafuate mapatano kwa uangalifu, na mwenye kupokea awe mpole kwa upungufu wa mwenzake. Kanuni hiyo inakaribiana na ile ambayo wanafalsafa, tangu Neil Wilson mwaka 1959 hadi Donald Davidson, waliiita kanuni ya hisani, inayomtaka msikilizaji ayafasiri maneno ya mwingine kwa namna inayoyapa ukweli na busara kadiri inavyowezekana. Na katika maadili ya Kiislamu iko husnu dhana, yaani kumdhania mwenzio mema. Davidson alidai zaidi kwamba hisani hiyo si jambo la hiari, kwa sababu asiyemchukulia msemaji kuwa mtu wa akili, mwenye imani nyingi za kweli, hana pa kuanzia kumwelewa.

Hata hivyo, hisani inayotendwa kimya ina kasoro ambayo nia njema haiifuti. Mpokeaji anayerekebisha kosa bila kusema humnyima mtumaji nafasi ya kujua kwamba amekosea, kosa likaendelea kutumwa, na kila mgeni anayeingia mtandaoni hulazimika kulizoea, hata mwishowe likapata nguvu ya sheria. Wahandisi Martin Thomson na David Schinazi walieleza hatari hiyo mwaka 2023 katika waraka wa RFC 9413, wakihimiza itifaki zitunzwe kwa marekebisho ya mara kwa mara badala ya kuachwa zioze kwa uvumilivu. Aidha, pasipo mamlaka kuu, mwenye watu wengi ndiye hugeuka kipimo: programu ndogo hujifunza mazoea ya Mastodon hata pale mapatano yanapotoa nafasi pana zaidi. Tena kukisia kwaweza kumdhuru mtu wa tatu, kwa maana ujumbe uliokusudiwa wafuasi pekee, ukisomwa kuwa wa hadharani, humwanika ambaye hakushirikishwa katika ukarimu huo.

Namna nyingine ya kusahihishana inaonekana miongoni mwa jamii za Tongaren, katika kaunti ya Bungoma, na za Kitale iliyo jirani. Kanisa la Friends, ambalo waumini wake huitwa pia Wakweka, liliingia magharibi mwa Kenya mwaka 1902, Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss walipofika Kaimosi. Mwaka 1946 likapata mkutano wake mmoja wa mwaka, yaani chombo chake cha uongozi, ambao baadaye uligawanyika kuwa mingi, ukiwemo wa Elgon wenye makao Lugulu na wa kaskazini wenye makao Kitale. Hakuna askofu juu ya mikutano hiyo. Katika mapokeo ya Wakweka, shauri haliamuliwi kwa kura: karani husikiliza, huandika kile anachoona kuwa ndiyo nia ya mkutano, kisha huwasomea palepale waliosema, nao hukubali au husahihisha kabla ya kuendelea. Utaratibu huu haukuyazuia mafarakano, kama historia yenyewe inavyoshuhudia, lakini unatenganisha mambo mawili ambayo seva huyachanganya, yaani kupokea na kuelewa, na unamrudishia msemaji haki ya kuthibitisha kwamba kilichoandikwa ndicho alichokusudia.

Mtu anaweza kupinga kwamba dawa rahisi zaidi ni kiwango kimoja kikali, na kila kisicholingana nacho kikataliwe. Historia ya eneo hilohilo inatahadharisha. Katika miaka ya 1940 kamati ya lugha ya Kiluhya, ikisaidiwa na mmisionari Lee Appleby, ilijaribu kuunda maandishi ya pamoja kwa jamii zote za Waluhya, lakini Wabukusu na Wamaragoli wengi hawakuukubali usanifishaji huo kuwa wao. Ukali wa kanuni hauzai maafikiano pale ambapo wanaotakiwa kuitii hawajioni ndani yake, na programu inayokataa ujumbe bila kueleza sababu haina tofauti kubwa na ile inayoutupa kimya.

Kinachobaki ni hisani yenye sauti. Injili ya Mathayo, katika sura ya 18, inamwelekeza aliyekosewa aende kwanza kwa ndugu yake faraghani, kisha pamoja na mashahidi, na hatimaye mbele ya kusanyiko. Mpangilio huo unachukulia kwamba kumwonyesha mtu kosa lake ni sehemu ya kumpenda. Mtafuta hitilafu mwadilifu naye huuhifadhi ujumbe kama ulivyofika, huwaandikia waundaji wa programu iliyoutuma, na maandiko yenyewe yakiwa na utata, huupeleka utata huo kwa wote wanaoyafuata. Kumdhania mwenzio mema, katika jumuiya isiyo na mkuu, ni kumwona kuwa mtu anayeweza kuambiwa amekosea, na wakati huohuo kukubali kwamba huenda jibu lake likaonyesha kuwa kosa lilikuwa la aliyesoma.