Lidia wa Thiatira na Magunia Yasiyo na Jina

Wandugu wachuuzi wa Kiwanja! Akina mama wa maharagi, akina baba wa depo, vijana mnaosukuma chukudu kutoka mashambani kabla jua halijatoka, nanyi mnaouza mayinite ya simu chini ya mwavuli kando ya barabara ya Ishasha: kaeni, leo neno ni lenu.

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo amefika Filipi. Siku ya sabato anatoka nje ya lango, anakwenda kando ya mto, anakuta wanawake wamekusanyika. Juu ya mmoja wao Luka anaandika mambo matatu: jina lake, mji wake, na kitu anachouza. Lidia. Thiatira. Zambarau. Hatuambiwi alikuwa na umri gani, wala mume wake nani, wala mtaji wake ulikuwa kiasi gani. Na hapo Filipi alikuwa mgeni, bahari nzima mbali na kwao! Lakini leo, miaka karibu 2000 imepita, mwamshe Mkristo yeyote wa Rutshuru usiku wa manane umwulize Lidia aliuza nini, atakujibu akiwa bado na usingizi. Nani kati yenu ana tangazo lililodumu hivyo?

Sasa nawauliza. Gunia la maharagi likipakiwa hapa alfajiri, likapita Rubare, likapita Rumangabo, likapita Kibumba, likateremshwa soko la Virunga mjini Goma, linabeba mangapi kati ya mambo yale matatu? Halibebi hata moja! Mama wa Goma anayapima kwa kopo la Guigoz, anaona ni maharagi, basi. Aliyelima hayumo. Aliyekaa mkekani kuchagua mawe mpaka shingo ikauma hayumo. Kiwanja yenyewe haimo. Halafu jioni mnakaa mnalalamika kwamba bei inapangwa Goma. Ipangwe wapi? Maharagi yako yaliyochaguliwa yamewekwa karibu na ya mvivu yaliyojaa mchanga, na hakuna alama ya kuyatenganisha. Mnunuzi anawapa wote wawili bei ya mvivu, na mbele za Mungu siwezi kusema amekosa.

Tazameni jibini. Ng'ombe wanakamuliwa Masisi, juu vilimani. Jibini linakandwa Masisi, linakaushwa Masisi. Likifika Kinshasa linaitwaje? Jibini la Goma! Mjini Goma, penye mawe ya Nyiragongo, nani anachunga ng'ombe? Lakini Goma ndiyo iliyolisindikiza hadi kwenye ndege, na Goma ndiyo iliyolibatiza. Usipokibatiza kitu chako, atakayekishika wa mwisho atakibatiza yeye.

Na kahawa! Miaka nenda, miaka rudi, kahawa ya Kivu imevushwa mipaka kwa magendo, ikifika Uganda au Rwanda inavikwa uraia mpya. Kwenye Ziwa Kivu wakulima waliivusha usiku kwa mitumbwi, na wengine hawakurudi kwa wake zao. Mwaka 2003 watu wa upande wa Minova wakaanzisha ushirika, SOPACDI. Wakaleta kahawa zao pamoja, wakaziosha pamoja, wakapata cheti cha biashara ya haki na cha kilimo kisicho na dawa za viwandani, na kahawa yao ikafika Ulaya ikiwa inajulikana ni ya Kongo, ni ya Kivu. Udongo ulikuwa ule ule. Mvua ile ile. Vita vile vile, wandugu, vita vile vile!

Najua mnalonong'ona huko nyuma. Mhubiri, wewe unaishi wapi? Hapa mtu akijulikana ana kitu, anafuatwa usiku. Jina likisomeka kwenye gunia, kila mwenye kizuizi barabarani atajua ni nani wa kumkamua. Hilo sitalipita kwa haraka, maana si uoga wa kitoto. Novemba 2008 watu walitolewa katika nyumba zao hapa hapa Kiwanja na kuuawa, watu wapatao 150 kwa hesabu ya Human Rights Watch. Oktoba 2022 mji ukashikwa tena, na waasi wa M23. Njia hii ya kwenda Goma imejaa habari za waliotekwa na familia zilizouza shamba kuwakomboa. Anayewaambia wafanyabiashara wa Kiwanja watundike picha zao ukutani, kama wanavyofundishwa watu wa miji iliyolala salama, hajui anachosema, na cheti chake cha semina hakitamzika mtu.

Lakini nani amewaambia jina lazima liwe la baba yako? Chagueni alama! Mnashona midomo ya magunia kwa uzi, sivyo? Basi kikundi chenu kishone kwa uzi wa rangi moja, rangi hiyo tu, msimu baada ya msimu. Chukueni hata zambarau, Lidia hatawashitaki. Gunia la uzi wa zambarau likifunguliwa Goma na kukutwa safi, kisha la pili safi, la kumi safi, mama wa soko la Virunga ataanza kuuliza mwenyewe: yale ya uzi wa zambarau yamefika? Hapo mmepata jina, na hakuna mtekaji anayeweza kuuteka uzi. Mkiona haiwezekani, nendeni meza za samaki. Mnunuzi akiambiwa ni wa Vitshumbi, kule ziwani, anasogea, anafunua shavu kwa kidole kuona wekundu, anatoa franga. Mvuvi hamjui kwa sura. Ziwa analijua.

Ole wenu, lakini, mkishona uzi mzuri juu ya uovu! Nabii Amosi, sura ya 8, aliwakemea waliopunguza kipimo na kuuza takataka za ngano. Waislamu wenzetu wanayo sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja. Na sisi tunayajua makopo yetu. Lile ambalo kitako kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, likawa na kitovu. Ukilijaza, kilele kinapanda juu kwa madaha, mteja anafurahi, kumbe viganja viwili vimebaki kwako. Mama, mteja wako ana sufuria nyumbani! Sufuria yake haikubonyezwa. Kila jioni inampa hesabu yako. Likunjue kopo hilo, umpe kilele na matabishi juu, na mbele yake. Hakuna tangazo la redio litakaloshinda sufuria inayojaa.

Kisha msikilizeni mnunuzi, lakini msimwamini kila anachosema. Mithali 20, mstari wa 14, humchora sawasawa: anapatana huku akiikashifu bidhaa, akigeuka njia anajipongeza. Kwa hiyo anaposema mabaya, mabaya, usishushe bei kwa hofu. Muulize ni nini kibaya. Nimewauliza wengi Goma kuhusu maharagi, na jibu linalorudi halihusu rangi wala ukubwa. Wanauliza yanaiva haraka? Makala ni ghali, gunia la makala linakula mshahara, na maharagi yaliyozeeka deponi yanamaliza makala ya siku mbili yakiwa bado magumu. Je, unajua yako yanaiva kwa muda gani? Umewahi kuyapika na saa mkononi? Pika! Andika kwenye daftari aina, mwezi wa kuvuna, muda wa kuiva. Mwambie mnunuzi: haya yamevunwa juzi, yanaiva kabla makala hayajageuka majivu. Neno hilo moja lina thamani kuliko megafoni zote zinazopiga kelele sokoni toka asubuhi, sauti iliyorekodiwa ikirudia jambo lile lile mpaka betri inakufa. (Megafoni zinauza dawa ya panya vizuri, nakubali. Panya hawasikilizi.)

Simu mnazo. Muwe na namba za kikundi, moja ya Airtel Money na moja ya M-Pesa, zishikwe na mtu anayeitika. Tangu benki za Goma zifunge milango Januari 2025, M23 ilipouteka mji, noti nzuri zimekuwa tabu, na dola iliyochanika kidogo pembeni inakataliwa na kila mtu. Mnunuzi wa mbali atamtafuta yule anayeweza kulipwa kwa simu bila kugombana. Picha ya WhatsApp ipigwe nje, asubuhi, mkono wako ukiwa ndani ya maharagi ili ukubwa uonekane. Msiokote picha za maharagi ya Brazili! Mkiulizwa, semeni bei, uzito na siku ya lori, kwa ujumbe mmoja. Umeme wa Matebe unawachajia simu tangu Desemba 2015. Zisiwe za kusikilizia muziki tu.

Na mtoke! Goma walianzisha Amani Festival Februari 2014, na pale watu wengi wanapokusanyika kwa muziki, watu wengi wana njaa. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na maonyesho ya Juakali ya Jumuiya huzunguka kutoka nchi hadi nchi. Mafundi na wasindikaji wa Uganda na Tanzania wanayajua kwa moyo, sisi tunayasikia yakishapita. Atakayekwenda asipeleke gunia zima kama anayehama. Apeleke vifuko vya kilo moja vilivyoshonwa kwa uzi wenu, apeleke na sufuria ya maharagi yaliyoiva, watu waonje wakiwa wamesimama. Asihangaike kuuza vyote siku ya kwanza. Kila anayeonja akaomba tena, namba yake iingie daftarini, pamoja na alichokisema kuhusu chumvi, ngozi, bei. Daftari hilo ndilo litakalorudi na mtaji. Vifuko vitaliwa na kusahauliwa.

Wiki hii, AVEC yenu ya kuweka na kukopa itakapokutana, kabla ya kufunga zile kufuli tatu za sanduku, mama mwenyekiti asimamishe mambo mengine. Ulizeni rangi ya uzi. Ulizeni nani ana kopo lenye kitovu, alilete mbele ligongwe hapo hapo. Kisha mchague mmoja wa kwenda soko la Virunga na kilo tano za kuonjesha, awe mtu mwenye masikio kuliko mdomo, na nauli yake itoke sandukuni.