Waliporudi Antiokia

(Soma: Matendo ya Mitume 14, 21–28)

Habari za mitume kushika njia kwenda kwa mataifa twazisoma mara nyingi, na walimu huzihubiri kwa furaha. Habari za kurudi kwao twazipita upesi, kana kwamba kazi ilikwisha pale Derbe. Lakini kurudi nako ni sehemu ya kutumwa, na yamkini ndiyo sehemu iliyo ngumu zaidi.

Tuitazame kwanza njia waliyoifuata. Toka Derbe palikuwa na njia ya nchi kavu kwenda mashariki, ipitayo katika milima ya Tauro mpaka Tarso, mji aliozaliwa Paulo. Na toka Tarso mtu huweza kufika Antiokia ya Shamu pasipo kuzunguka. Aliyechoka angeishika njia hiyo. Wao wakageuka, wakarudi Listra, mji ule ambao Paulo alipigwa mawe humo na kuburutwa nje, watu wakidhani amekufa. Wakarudi Ikonio walikokimbia, na Antiokia ya Pisidia walikofukuzwa. Kwani huko walikuwako wanafunzi, nao wangali wachanga. Wakawawekea wazee, wakafunga na kuomba, wakawaweka mikononi mwa Bwana, wakaenda zao. Hapo pana uchungu wake. Aliyewazaa watu kwa Neno hupenda awaone wakikua. Naye yampasa kuwaachia wazee ambao juzi tu walikuwa hawajalisikia jina la Yesu.

Kisha wakatweka toka Atalia. Walipoanza safari walikuwa watatu, nao waliorudi ni wawili, maana Yohana Marko alikwisha kuwaacha huko Perge. Walipofika wakawakusanya washarika, wakawapasha habari. Twamwomba msomaji asimame kidogo hapa. Hawakusimulia waliyoyatenda wao, bali yale Mungu aliyoyatenda pamoja nao, na jinsi alivyowafungulia mataifa mlango wa imani. Hesabu ya waliobatizwa Luka haitaji. Lakini sisi, ndugu tuliyemtuma nchi ya mbali akirudi, swali letu la kwanza ni lipi? Ni wangapi? Naye kwa haya hutafuta hesabu ya kutupendeza, na yale yaliyomliza usiku huyanyamazia. Desturi hii si njema, nasi wenye kutuma ndio tuliyoizoeza.

Mkumbukeni Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen katika nchi ya Württemberg, aliyefika Mombasa mwaka 1846. Mwaka 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika habari zake, na huko Ulaya wataalamu wengine wakakataa kumsadiki. Alipoondoka Rabai mwaka 1875 alikuwa kipofu, mkewe alikwisha kufa, na Wakristo aliowaacha walikuwa wachache. Nani angemwuliza mzee huyu, wangapi? Alifariki Korntal mwaka 1876. Mwaka uliofuata ikapigwa chapa kamusi yake ya Kinyasa, ikitengenezwa na mwenziwe Krapf. Maneno yake Rebmann aliyapata pwani, kinywani mwa mtumwa aliyetoka nchi hiyo. Nchi yenyewe hakuikanyaga kamwe.

Turudi kwa mitume wetu. Walikaa Antiokia na wanafunzi muda usio mfupi, na ndugu walifurahi. Lakini raha hiyo haikudumu. Watu wakashuka toka Uyahudi, wakafundisha kwamba mataifa hawawezi kuokoka wasipotahiriwa. Basi kazi yote ya safari ikatiwa mashaka, tena si na wapagani, bali na ndugu wa nyumbani. Paulo na Barnaba wakapanda Yerusalemu kwa ajili ya neno hilo, na Mungu akawapa neema mbele ya mitume na wazee. Baadaye Paulo akataka waende kuwatazama ndugu katika kila mji, na hapo wawili hao wenyewe wakagombana kwa ajili ya Marko, hata wakatengana. Luka hakulificha jambo hili, wala walimu wasilifiche wakifundisha. Barnaba akamchukua Marko, akatweka kwenda Kipro. Paulo akamchagua Sila, akapita Shamu na Kilikia kwa miguu, akafika Derbe kwa upande ule alioukataa safari ya kwanza. Kisha akaingia Listra. Na katika mji huo wa mawe akamkuta mwanafunzi mmoja kijana, ambaye mama yake alikuwa Myahudi mwenye kuamini na baba yake Myunani, jina lake Timoteo.